Umaarufu wa Chokaa: Nani Ameshika Koki?

Kiingereza kina neno la umaarufu ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tumelibeba zima zima. Mtangazaji atasema msanii fulani "amerudi kwenye limelight", na mwandishi wa habari atalifasiri "mwanga wa umaarufu" kisha aendelee na kazi yake. Tafsiri hiyo si mbaya, ila inaficha mtu. Neno lenyewe linazungumzia taa ya zamani ya jukwaani: chokaa ("lime") iliyopigwa moto wa gesi mbili hadi ikang'aa. Kando ya chokaa hiyo, gizani, alisimama kibarua mwenye mkono kwenye koki, akielekeza mwanga kwa yule aliyeamriwa amwelekezee. Tunamzungumzia aliyemulikwa kila siku. Aliyemulika hatumtaji, na bila yeye neno hili halieleweki.

Kwanza tuliondoe tunda. "Lime" ya Kiingereza ni maneno mawili yaliyofanana sura tu. Moja ni ndimu, na kwa asili lina ukoo mmoja na limau letu. Lilisafiri kutoka Uajemi na Uarabuni kabla ya kufika Ulaya. La pili ni la Kiingereza cha kale, lenye maana ya kitu kinachonata: ulimbo wa kunasia ndege, na lipu ya kujengea. Taa tunayoisema hapa ni ya hili la pili.

Chokaa yenyewe watu wa pwani hawahitaji kufundishwa. Ndiyo iliyochomwa kutoka kwenye matumbawe ikajenga Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ndiyo ipakwayo kwenye jani la tambuu. Tumbawe au jiwe la chokaa likifikishwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi hutoa hewa ya ukaa, na kinachobaki ni oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa ambayo haijazimwa. Ukiimwagia maji hufoka, hupasuka na kuwa unga. Tabia hiyo ya kutamani maji ilikuja kuwatesa sana watu wa taa. Lakini tabia iliyowavutia wanakemia ilikuwa nyingine: chokaa isiyozimwa haiyeyuki kirahisi. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Chokaa hungoja zaidi ya nyuzi 2,500.

Mwaka 1801 Robert Hare, mwanakemia wa Philadelphia, alitengeneza bomba la kuchoma haidrojeni ndani ya oksijeni. Ulimi wa moto huo una joto la nyuzi 2,800 hivi, na ajabu yake ni kwamba karibu hautoi mwanga. Ukiutazama mchana unaweza usiuone. Mwanga unapatikana pale tu ulimi huo unapogonga kitu kigumu kinachostahimili joto lake, na hapo ndipo chokaa ilipopata kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Goldsworthy Gurney, daktari kutoka Cornwall aliyekuwa akitoa mihadhara ya kemia London, alionyesha hadharani jinsi chokaa inavyong'aa ndani ya moto huo. Aliyewahi kupampu taa ya karabai anaijua kanuni hii bila kuambiwa. Mvuke wa mafuta ya taa unaoungua ndani ya karabai ni wa buluu hafifu. Kinachomulika ni kile kifuko cheupe cha uzi, ambacho kikishachomwa hubaki majivu ya oksidi za metali. Kifuko hicho ni ndugu mdogo wa chokaa ya jukwaani. Carl Auer von Welsbach wa Austria alikipatia hataza mwaka 1885.

Taa ya chokaa haikuanzia jukwaani. Ilianzia mlimani, kwa wapima ardhi. Thomas Drummond, Mskoti aliyekuwa luteni katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, alikuwa kwenye timu ya kupima Ayalandi. Upimaji wa pembetatu unataka kilele kimoja kionekane kutoka kingine, na Ayalandi ni nchi ya ukungu na mawingu. Drummond, aliyekuwa amejifunza habari za chokaa katika mihadhara ya kemia London, alitengeneza kifaa chenye kidonge cha chokaa mbele ya kioo kilichopinda kama bakuli, akakipiga kwa moto wa spiriti uliopulizwa oksijeni. Novemba 1825 taa yake iliwashwa juu ya Slieve Snaght huko Donegal, na ikaonekana kutoka Divis, mlima ulio juu ya Belfast, umbali unaozidi kilomita 100. Kwa miaka mingi watu waliiita "taa ya Drummond" ingawa mwenyewe hakudai kuivumbua kanuni yake. Baadaye aliingia serikalini, na mwaka 1838 aliwakumbusha kwa barua wenye mashamba makubwa wa Tipperary kwamba mali ina wajibu wake kama ilivyo na haki zake. Waayalandi wengi humkumbuka kwa barua hiyo kuliko kwa taa.

Kuna jambo la mwaka 1830 ambalo wengi wanaosimulia historia hii huliruka, nami naona ndilo ufunguo. Drummond aliijaribu taa yake kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, pale Purfleet kwenye mto Thames. Mwanga wake ulizishinda taa za mafuta kwa mbali. Hata hivyo mpango haukuendelea, kwa sababu ya gharama na usumbufu wa kutengeneza gesi. Mnara wa meli unataka taa ambayo mlinzi mmoja anaweza kuiwasha jioni, akaikagua mara kwa mara, ikawaka hadi alfajiri, siku 365 kwa mwaka. Taa ya chokaa haikubali kuachwa peke yake hata kwa dakika tano. Ilihitaji mahali ambapo giza ni la saa tatu tu, tiketi zimelipiwa, na vibarua wamejaa nyuma ya pazia. Mahali hapo ni jumba la maigizo.

Majumba makubwa ya London, Covent Garden na Drury Lane miongoni mwake, yalikuwa yameingiza taa za gesi mwaka 1817. Gesi ilikuwa nafuu kubwa baada ya mishumaa, lakini iliangaza jukwaa zima kwa pamoja. Haikuweza kumchagua mtu. Covent Garden ilijaribu chokaa mwaka 1837. Kufikia miaka ya 1860 na 1870 majumba mengi ya Uingereza na Marekani yalikuwa nayo, na huko Marekani ilizoeleka kwa jina la taa ya kalsiamu.

Sasa tumtazame aliyeiendesha, kwa sababu kazi yake haikuwa ya kubonyeza swichi.

Kabla ya onyesho kulikuwa na gesi ya kutengeneza. Oksijeni ilipatikana kwa kupasha moto klorati ya potasiamu iliyochanganywa na dioksidi ya manganisi, kwa kawaida sehemu nne kwa moja kwa uzito. Kilo moja ya klorati hutoa takriban lita 270 za oksijeni. Manganisi yenyewe haiishi. Kazi yake ni kufanya gesi itoke mapema na kwa utaratibu. Gesi ilipitishwa kwenye maji ili kuosha klorini kabla ya kuingia mfukoni. Hatari ya kwanza ilikuwa hapo hapo. Dioksidi ya manganisi ni unga mweusi, na unga mweusi hufanana na unga mweusi mwenzake. Aliyeuziwa kwa makosa salfaidi ya antimoni, au ambaye manganisi yake ilichanganyika na masizi, alikuwa amejitengenezea baruti, na kuna waliouawa hivyo. Ndiyo maana mafundi makini walichukua kijiko kimoja cha mchanganyiko, wakakipasha moto pembeni, na kutazama kama kinawaka ghafla kabla ya kujaza chombo kizima. Haidrojeni ilitengenezwa kwa zinki na asidi ya salfa, au nafasi yake ikachukuliwa na gesi ya makaa ya mawe kutoka bomba la mtaa, ambayo mwanga wake ulipungua kidogo.

Gesi zilihifadhiwa kwenye mifuko ya kitambaa kilichopakwa mpira, yenye umbo la kabari, ikibanwa kati ya mbao mbili zenye bawaba. Juu ya ubao yaliwekwa mawe ya mizani, kila moja lenye kilo 25 hivi, na uzito huo ndio uliosukuma gesi. Shinikizo la mifuko miwili lilipaswa kulingana. Mtu akiondoa jiwe moja upande mmoja taa ikiwa inawaka, gesi ya mfuko wenye nguvu inaweza kurudi nyuma kupitia bomba na kuingia mfuko wa pili, na mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni hauhitaji kuombwa mara mbili. Kutoka miaka ya 1880 mifuko ilianza kuachwa, kwani kampuni ya Brin ya London, iliyoanzishwa mwaka 1886, iliuza oksijeni iliyoshindiliwa kwenye mitungi ya chuma. Mitungi iliondoa hatari moja ikaleta nyingine, ile ya kufunga mtungi usio wake. Mchomeleaji yeyote wa gereji leo anajua dawa ya tatizo hilo hata kama hajawahi kuuliza sababu: nati za gesi inayowaka hufungwa kinyume na nati za oksijeni, ili mkono uliochoka usiweze kukosea.

Halafu chokaa. Ilichongwa kuwa silinda ndogo yenye upana wa sentimita 2 na nusu hivi, yenye tundu katikati, ikachomekwa kwenye pini iliyosimama mbele ya mdomo wa bomba. Ilitunzwa kwenye kopo lililofungwa kabisa, maana unyevu wa hewani pekee huitafuna chokaa isiyozimwa. Iliyokaa wazi hubanduka na kusambaratika pindi ikipata moto, na kwa kawaida hufanya hivyo katikati ya onyesho. Kuwasha kulikuwa na mpangilio. Haidrojeni huanza peke yake, kwa ulimi mdogo unaoramba chokaa kwa dakika kadhaa huku ikizungushwa ipate joto pande zote. Kisha oksijeni hufunguliwa polepole. Anayeikurupusha hupasua chokaa. Kuzima ni kinyume chake: oksijeni hufungwa kwanza, haidrojeni mwisho, la sivyo bomba hutoa mlipuko mdogo unaosikika hadi viti vya nyuma.

Taa ikishakolea, kazi ndiyo inaanza. Ulimi wa moto huchimba chokaa, kwa hiyo silinda ilipaswa kugeuzwa kidogo kwa skrubu kila baada ya dakika moja au mbili ili sehemu mpya ije mbele. Uvivu hapa una gharama zaidi ya mwanga kufifia: shimo likiwa refu, hugeuza ulimi wa moto na kuurudisha mbele, ukagonga lenzi na kuipasua. Umbali kati ya mdomo wa bomba na chokaa ni wa milimita chache, na kwa kuwa chokaa inaliwa, nao hubadilika. Oksijeni ikizidi, taa hupiga mluzi na mwanga hupungua. Haidrojeni ikizidi, mwanga hugeuka manjano. Mikono miwili ilikuwa na koki mbili, skrubu moja, vioo vya rangi vya kubadilisha, na boksi zima la taa la kuzungusha ili mwanga usimwache mwigizaji anayetembea. Kila taa na mtu wake. Walikaa juu, kwenye vibaraza vya pembeni na vya darini, penye joto jingi na hewa kidogo, wakitazama utosi wa mtu ambaye ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama uso.

Ndiyo sababu naona neno hili limeeleweka nusu. Linganisha na majirani zake. Mfaransa husema mtu yuko chini ya "feux de la rampe", na wenzetu wa Kongo wanaosoma Kifaransa wanalijua fungu hilo. Mjerumani husema "Rampenlicht". Yote mawili yanataja safu ya taa za ukingoni mwa jukwaa, chini, miguuni mwa waigizaji. Taa zile hazikumchagua mtu. Mwigizaji aliyetaka kuonekana alisogea mbele, akazikaribia, na yeyote mwingine aliyesogea naye alipata mwanga ule ule. Umaarufu kwa lugha hizo ni mahali. Unapafuata kwa miguu yako. Kwa Kiingereza umaarufu ni kitu kinachotumwa. Unaweza kusimama katikati ya jukwaa na ukabaki gizani kwa sababu aliye juu hakuambiwa akuangazie. Unaweza kujificha pembeni na mwanga ukaja kukutoa. Wanaposema mtu "ameiba limelight", usemi huo haulingani na kifaa chenyewe: mwigizaji hakuwa na namna ya kuiba mwanga. Kama ulimhamia, kuna mkono ulioupeleka.

Na mkono huo ulikuwa na mwajiri. Mfano mzuri ni Henry Irving, aliyeshika uongozi wa jumba la Lyceum, London, mwaka 1878, akiwa mwigizaji mkuu na meneja kwa wakati mmoja. Irving alilijali suala la mwanga kuliko karibu kila meneja wa enzi zake. Ukumbi wa watazamaji alikuwa akiutia giza, jambo ambalo London haikulizoea, na mazoezi ya taa aliyasimamia mwenyewe. Bram Stoker, aliyekuwa meneja wake wa biashara, aliandika makala nzima kuhusu ustadi huo mwaka 1911. Jumba la Savoy, mwendo mfupi kutoka hapo, lilikuwa limewashwa umeme mwaka 1881 kwa balbu zipatazo 1,200 za Joseph Swan. Irving hakufuata. Aliendelea na gesi na chokaa, kwa kuwa balbu za wakati ule hazikuweza kumpa mwale laini, mzito, unaoweza kupakwa rangi na kumfuata mtu. Sidharau usanii wake. Ila mtu anayelipa mishahara ya washika taa, anayepanga mwale uende wapi, na ambaye mwenyewe ndiye mhusika mkuu wa mchezo, hatupaswi kushangaa kumkuta kila usiku ndani ya mwanga. Maana ya kitamathali ya neno hili inaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia miaka ya 1870. Ilizaliwa katika zama za mameneja wa namna hiyo, na inabeba hesabu zao.

Kumulikwa hakukuwa heshima wakati wote pia. Katika maigizo ya Krismasi ya Uingereza, malaika mwema huja na mwanga mweupe au wa waridi, na jini mwovu hutokea upande wa pili akiwa ndani ya mwale wa kijani. Chokaa ile ile, kioo tofauti. Mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kaskazini lilielekeza taa za kalsiamu kwenye ngome ya Wagner karibu na Charleston ili mizinga ifanye kazi usiku na walio ndani washindwe kutengeneza kuta zilizobomoka. Walioko ngomeni walikuwa kwenye limelight kwa maana kamili ya neno. Kenya, simu ndogo yenye tochi wanaiita "mulika mwizi", na jina hilo linajua kuhusu kumulikwa kitu ambacho kurasa za burudani hazikijui.

Kiswahili chenyewe hakikuanzia kwenye mwanga. Umaarufu wetu ni wa masikio: mtu anavuma, anatajika, ana jina, sifa zake zimefika mbali, na waliotangulia wakatuonya kwamba ngoma ivumayo haidumu. Sauti haihitaji mtu wa juu kuielekeza. Husambaa kwa kila upande, na mpokeaji huipitisha kwa mwenzake. Tukasema pia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kinyume kabisa cha taa ya chokaa, kwani inadai kwamba ubora hauhitaji meneja. Nampenda aliyeitunga, lakini simwamini moja kwa moja. Wasanii wazuri waliobaki gizani kwa kukosa mtu wa kuwamulika ni wengi mno kwa methali hiyo kusimama bila marekebisho. Kwa hiyo tunaporipoti kwamba fulani ni maarufu, kuna maneno mawili ya kuchagua, na si ya kubadilishana ovyo. Kama watu wamempitisha mdomo kwa mdomo hadi nyimbo zake zikaimbwa harusini bila tangazo lolote, huyo amevuma. Kama kuna kampuni, kituo au promota aliyemwelekezea mwale, basi amemulikwa. Tuandike hivyo hivyo, kwa kauli ya kutendwa, maana kauli hiyo humlazimisha msomaji kuuliza: na nani? Kinachoitwa kiki siku hizi ni jaribio la mtu kujimulika mwenyewe akiwa jukwaani, na kwa taa ya chokaa hilo halikuwezekana, kwa kuwa koki zilikuwa juu naye yuko chini.

Chokaa yenyewe ilitoka jukwaani mwanzoni mwa karne ya 20. Taa ya tao la kaboni, yaani ya umeme unaoruka kati ya ncha mbili za kaboni, ambayo Opera ya Paris ilikuwa imeitumia kuigiza jua tangu 1849, ilikuwa kali zaidi lakini ikitetemeka na kunguruma. Ilipotulizwa ikachukua kazi ya kumfuata mwigizaji, baadaye zikaja taa za zenoni, na sasa za LED. Katika majumba ya Uingereza taa za kufuata bado huitwa "limes", na wanaoziendesha hutajwa kwa jina hilo hilo, ingawa hakuna hata punje ya chokaa ndani yake. Kwenye matamasha makubwa siku hizi mwimbaji huweza kufungwa kihisio kidogo mwilini na taa kumi zikamfuata zenyewe bila mtu kuzishika. Kazi ya kibaraza imehamia kwenye kompyuta iliyo nyuma ya ukumbi: kabla milango haijafunguliwa kuna mtu huketi hapo na kuandika ni kihisio cha nani kifuatwe, kuanzia wimbo wa ngapi, na mpiga gitaa apewe sekunde ngapi.